Adapta ya USB-C kwenda HDMI inakata picha kwenye Linux: kosa ni la kerneli au la adapta?

#1 Mshale

Wakuu habari. Naomba tusaidiane, hili jambo limenifika shingoni.

Laptopu yangu ina grafiki za Intel, ndani natumia Linux, na picha ya nje inatoka kwenye tundu moja tu la USB-C. Nimechomeka adapta ya kwenda HDMI, ile yenye matundu mawili ya USB na tundu la kuchajia ubavuni. Monita ni ya 4K. Picha inakuja safi, Hz 60, halafu ghafla monita inakuwa nyeusi sekunde mbili hivi, kisha inarudi yenyewe. Kuna wakati inatulia mpaka unasahau, kuna wakati inakata kila baada ya dakika chache. Na laptopu ikilala ikaamka, monita haiamki mpaka nichomoe adapta na kuichomeka upya.

Nimejaribu adapta ya kampuni nyingine, yale yale. Distro nyingine (toleo jingine la Linux), yale yale. Laptopu hiyo hiyo nikiiwasha kwa Windows, haikati. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba kasoro iko kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, na adapta zinasingiziwa. Mwenye hoja tofauti aje nayo, nataka kuelewa.

#2 Zumaridi

Waya wa HDMI. Badili waya kwanza, mengine yafuate.

#3 Kokoto

Kabla ya waya, Mshale, tujue adapta yenyewe ni ya aina gani. Kwa nje zote zinafanana, ndani kuna koo mbili zisizo na undugu.

Ukoo wa kwanza unapitisha ishara ya DisplayPort moja kwa moja kwenye pini za USB-C. Chipu ya grafiki ndiyo inayotoa picha, adapta kazi yake ni kuigeuza iwe HDMI. Hauhitaji draiva ya ziada. Ukoo wa pili ni DisplayLink na wenzake: prosesa inaibana picha, inaisafirisha kama data yoyote ya USB, adapta inaifungua upande wa pili. Huo unataka moduli ya evdi (kipande cha kuongeza kwenye kerneli) na programu ya mwenye chipu, na maradhi yake ni tofauti kabisa.

Fungua teminali uandike `lsusb`. Ukiona namba ya mtengenezaji 17e9 hiyo ni DisplayLink. Ukiona 534d kwenye adapta ya picha, hiyo ni MacroSilicon, nayo ihesabu kwenye ukoo wa pili.

#4 Mshale

Asante mkuu. 17e9 haipo wala 534d. Kuna habu ya USB na kisomaji cha kadi, basi. Kwenye mipangilio ya skrini monita inaitwa DP-1, hakuna HDMI popote.

#5 Pweza

Hiyo DP-1 imetusaidia sana. Kerneli inaiona DisplayPort tu. HDMI inazaliwa ndani ya adapta, kwenye chipu ndogo ya kugeuza. Maana yake picha yako inapita vipande viwili: kutoka laptopu hadi kwenye ile chipu, na kutoka kwenye chipu hadi monita. Kikikatika cha kwanza kerneli inajua. Kikikatika cha pili, mara nyingi kerneli haina habari kabisa.

Sasa tupige hesabu. USB-C ina njia nne za kasi. Adapta ikiwa na USB 3 ubavuni, njia mbili zinachukuliwa na USB, picha inabaki na mbili. Kwa HBR2, moja ya ngazi za kasi za DisplayPort, gigabiti 5.4 kwa kila njia, njia mbili zinabeba gigabiti 8.64 za picha kwa sekunde ukishatoa sehemu inayoliwa na usimbaji. 4K ya Hz 60 kwa rangi za biti 8 inataka zaidi ya 12. Haiingii. Kwa hiyo Mshale hiyo Hz 60 unaipata wapi? Nina shaka nayo.

#6 Kokoto

> Haiingii.

Inaingia mkuu, umeishia HBR2. DisplayPort 1.3 ya mwaka 2014 ilileta HBR3, gigabiti 8.1 kwa njia. Njia mbili zinakupa 12.96. Monita za kompyuta huomba 4K ya Hz 60 kwa saa ya pikseli (kasi ya kutuma pikseli) ya MHz 533.25, ukizidisha kwa biti 24 (8 kwa kila moja ya rangi tatu) unapata gigabiti 12.8. Inapita, ila kwa tundu la sindano.

Tatizo linakuja kwenye televisheni. Televisheni hutumia vipimo vyao vya MHz 594, na hapo unahitaji 14.26. Haipiti tena. Ndiyo maana adapta moja inampa mtu Hz 60 kwenye monita na kumpa mwenzake Hz 30 sebuleni, kisha wanabishana kama adapta ni feki. Zipo pia adapta ambazo matundu yake ya USB ni ya USB 2 tu, hizo zinaiachia picha njia zote nne, na zinapumua vizuri zaidi.

Mshale leta matokeo ya `xrandr --prop`, hasa mistari ya link-status (hali ya mawasiliano) na max bpc (kikomo cha biti kwa kila rangi). Kama skrini yako inachorwa na Wayland badala ya X11, xrandr haitakupa ukweli wote, tumia `drm_info`.

#7 Tarishi

Nyote mnahesabu gigabiti, mimi natazama umeme.

Nina adapta ya muundo huo huo. Kila nikichomoa chaja kwenye ubavu wake, picha inakufa, kisha inarudi baada ya sekunde kadhaa. Kisa ni kwamba chaja ikitoka, adapta na laptopu zinapatana upya nani amlishe nani, na adapta nyingi zinajizima na kujiwasha katikati ya mapatano hayo. Nikichomeka diski ya nje ndiyo balaa, picha inatetereka diski inapoanza kuzunguka. Mshale, chaja yako iko wapi? Na umechomeka nini kingine hapo?

#8 Mshale

Dada Tarishi, chaja naichomeka kwenye tundu lake jingine la laptopu, la duara. Kwenye adapta kuna kipanya tu.

Kokoto, niko X11. Haya hapa:

```
DP-1 connected primary 3840x2160+0+0
        max bpc: 12
        link-status: Good
```

Niliacha `dmesg -w` (logi ya kerneli) wazi pembeni, kwenye skrini ya laptopu. Picha ilipokata, hakuna hata mstari mmoja ulioongezeka. Lakini laptopu ikitoka usingizini napata huu:

```
ucsi_acpi USBC000:00: GET_CONNECTOR_STATUS failed (-110)
```

#9 Pweza

Basi nimeridhika kuhusu HBR3, Kokoto yuko sahihi.

Ila tazameni, hapa kuna magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja. La usingizi linaacha alama kwenye logi, la kukata haliachi. Mawasiliano ya DisplayPort yangeanguka, kerneli ingejaribu kuyapanga upya, na ikishindwa link-status ingesomeka Bad. Kwako ni Good na logi iko kimya. Kwangu mimi hicho ni kipande cha pili, kati ya chipu na monita.

Na kipande hicho kina sababu ya kuyumba. HDMI ikipita saa ya MHz 340 inaingia kwenye taratibu za HDMI 2.0 za mwaka 2013: ishara inavurugwa kwa makusudi ili isitoe kelele za redio, na pande mbili lazima zikubaliane jinsi ya kuivurugua. Monita ikipoteza mpangilio huo hata kidogo, inazima picha na kuanza upya. Sekunde mbili nyeusi, kama unavyoeleza.

Kipimo ni rahisi: `xrandr --output DP-1 --mode 2560x1440`. Hiyo iko MHz 241.5, chini ya mpaka. Isipokata hapo, tumepata mahali.

#10 Zumaridi

> kipande cha pili, kati ya chipu na monita

Kipande hicho kina jina jingine: waya wa HDMI. Post namba 2, wakuu.

Mshale, tafuta waya uliothibitishwa kwa gigabiti 18, mfupi kadiri inavyowezekana. Mrefu na mwembamba kwenye 4K ni kamari. Halafu jambo jingine ambalo hakuna aliyeligusa: chomoa plagi ya USB-C, igeuze juu chini, ichomeke tena. Plagi ile ina pini 24, na ukiigeuza ishara zinapita kwenye seti nyingine. Nina laptopu ambayo upande mmoja unatoa picha safi na upande wa pili inayumba, kwa sababu tundu limechoka upande huo. Niliweka alama ya rangi ya kucha juu ya plagi, maisha yanaendelea.

#11 Jabali

Wakuu mnamwonea mtoa uzi. Amesema wazi Windows haikati. Waya ni ule ule, adapta ni ile ile, plagi ni ile ile. Kilichobadilika ni programu. Mimi ningeanza na `i915.enable_psr=0` kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, imewasaidia wengi.

#12 Kokoto

Jabali, PSR ni utaratibu wa skrini ya laptopu yenyewe wa kujichora upya bila kuisumbua chipu ya grafiki. Inasaidia skrini ya ndani inapopepesa. Monita ya nje haiguswi na kigezo hicho, tusimpotezee muda.

Hoja ya Windows ni nzito lakini haijakamilika. Windows inaweza kuwa imechagua kitu kingine kimyakimya: rangi zilizopunguzwa, biti chache, hata Hz tofauti. Mshale, ukiingia Windows tena, fungua mipangilio ya juu ya skrini usome inatoa Hz ngapi, biti ngapi na rangi za muundo gani. Bila hivyo hatulinganishi vitu viwili vinavyofanana.

Na Pweza, nikurekebishe nawe kidogo. Ukimya wa dmesg si ushahidi. Kwa kawaida kerneli haiandiki mishtuko midogo ya DisplayPort mpaka uiombe:

`echo 0x104 | sudo tee /sys/module/drm/parameters/debug`

Baada ya hapo logi itafurika, ila tafuta mistari ya "got hpd irq" inayoishia na short au long. Short ni adapta inaomba kusikilizwa, long ni adapta inasema nimechomolewa au nimechomekwa.

#13 Upepo

Nitaonekana mchawi, ila ulizeni kuhusu kiti. Monita yangu ilikuwa inazima kila nikiinuka kitini. Si kila siku, hasa siku za hewa kavu. Nilipobadilisha waya tatizo likapungua, nilipobadilisha kiti likaisha.

#14 Tarishi

Upepo sasa umetuletea fundi seremala kwenye uzi wa kerneli 😂 Mshale, unakaa kwenye kiti gani?

#15 Kokoto

Mcheke, lakini Upepo hajakosea. DisplayLink wenyewe wameandika kwenye kurasa zao za msaada kwamba viti vya ofisi vyenye mtungi wa gesi, mtu akikaa au akiinuka, vinaweza kurusha mshtuko wa umeme tuli unaodakwa na nyaya za video mpaka picha ipotee kidogo. Waya wenye kinga duni ndio unaoumia zaidi.

#16 Nyota

Naomba niingize ya ukoo wa pili, maana kuna watu watafika hapa wakitafuta hilo. Yangu ni DisplayLink. Dalili ni tofauti: inafanya kazi vizuri kabisa, unaapdeti mfumo, unawasha, monita haipo kabisa. Haipepesi, haipo tu.

Sababu kwangu ilikuwa moduli ya evdi haikujengwa upya kwa kerneli mpya, kwa kuwa vichwa vya kerneli hiyo (kernel headers, faili za kujengea moduli) havikuwa vimeshuka pamoja nayo. `dkms status` inakuonyesha mara moja evdi imejengwa kwa kerneli ipi, linganisha na `uname -r`. Na ukiwa umewasha Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), moduli isiyo na sahihi inakataliwa hata kama imejengwa vizuri. Inabidi uandikishe ufunguo wako kwa `mokutil` na kuukubali kwenye ile skrini ya bluu unapowasha mashine. Wengi wanaipita skrini hiyo kwa haraka, kisha wanarudi kulalamika.

Kuhusu kuzima USB ili kuokoa betri, TLP na mengine: hayo yanatuhusu sisi wa ukoo huu. Kwa Mshale hayana uzito, picha yake haipiti kwenye data ya USB.

#17 Mshale

Nimerudi wakuu, na majibu yenyewe hayaelewani.

Kwa 2560x1440 imetulia, sijaona ikikata. Kwa 4K ya Hz 30 pia imetulia, ila mshale wa kipanya unaburuta vibaya, siwezi kufanya kazi hivyo. Nikirudi 4K ya Hz 60 inakata. Nimeazima waya mfupi wa gigabiti 18: inakata bado, ila kwa nadra zaidi. Kugeuza plagi hakujaleta tofauti. Kiti changu ni cha mbao.

Nimewasha ule ufuatiliaji wa 0x104. Hapa ndipo nimechoka: mara nyingine picha inapokata kuna short inaandikwa sekunde ile ile, mara nyingine picha inakata na hakuna chochote.

Windows inatoa Hz 60, biti 8, RGB. Kwa Linux max bpc ni 12 kama mlivyoona.

Halafu nimegundua jambo jipya: adapta ikiwa imechomekwa, Wi-Fi inapungua kasi sana. Linahusiana?

#18 Tarishi

La Wi-Fi linaelezeka. Intel waliandika mwaka 2012 jinsi USB 3 inavyomwaga kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, ambayo ndiyo Wi-Fi ya zamani na vipanya visivyo na waya. Hamia GHz 5 kama ruta yako inaruhusu, au weka adapta mbali na laptopu kwa kipande cha waya. Je, kipanya chako kina waya au ni cha redio?

#19 Kokoto

Hiyo max bpc ya 12 ni kikomo cha juu tu, haina maana kwamba unapokea biti 12. Kwa njia mbili biti 10 hazingeingia, kwa hiyo draiva lazima inashuka yenyewe. Lakini ibane kabisa tuondoe shaka:

`xrandr --output DP-1 --set "max bpc" 8`

Ikitulia, Jabali atakuwa na haki kwamba programu inachangia.

#20 Kioo

Nafuatilia uzi. Swali: kuna aliyeigusa adapta kwa mkono baada ya saa moja ya 4K? Yangu huwezi kuishika. Chipu ya kugeuza ikipata joto inayumba, na Hz 60 inaitesa kuliko Hz 30. Nimeitoa nyuma ya monita ilikokuwa imefunikwa, nikaining'iniza hewani, kukata kumepungua. Hilo lingeeleza kwa nini kwa Mshale kuna wakati inatulia.

#21 Pweza

Kioo, joto lingeanza taratibu na kuongezeka. Mshale ameandika kwamba kuna siku inakata kila baada ya dakika chache na kuna wakati inatulia muda mrefu. Huo si mwenendo wa joto. Mimi bado nasimama na ile MHz 340, na waya mfupi uliopunguza kukata unanitetea.

#22 Kioo

Hajasema inakata zaidi mwanzoni au mwishoni. Tumuulize kwanza ndipo tuhukumu.

#23 Jabali

Kuhusu usingizi, maana nyote mmeuacha. Hiyo ucsi_acpi ni mazungumzo kati ya kerneli na kidhibiti cha USB-C kilichomo kwenye bodi, na -110 ni muda wa kusubiri jibu kuisha. Kidhibiti hakijibu mashine inapoamka. Hapo ningetazama apdeti ya BIOS kwanza. Kwa dharura, badala ya kuchomoa plagi kila mara, amuru mfumo uitafute monita upya:

`echo detect | sudo tee /sys/class/drm/card0-DP-1/status`

Namba ya card inaweza kuwa 1, tazama kwa `ls /sys/class/drm`. Pia soma `cat /sys/power/mem_sleep`. Kama una s2idle na deep, jaribu ule usingizi usioutumia sasa.

#24 Mshale

Jabali asante, detect imeamsha monita bila kuchomoa. Si kila mara, lakini mara nyingi. Ninao usingizi wa s2idle tu, deep haimo kwenye orodha.

Kioo, inakata zaidi asubuhi nikiwasha, adapta ikiwa ya baridi. Tarishi, kipanya ni cha redio, na kweli kinarukaruka. Max bpc nimeiweka 8, nasikilizia.

#25 Pweza

Ya baridi! Kioo umeona.

#26 Kioo

Nimeona, ila baridi nayo ni halijoto mkuu. Kiungio kilicholegea ndani hubana kinapopata joto.

#27 Simbi

Habari za humu. Yangu ni AMD, adapta moja yenye HDMI mbili. Monita ya kwanza inawaka, ya pili inaonekana kwenye orodha kama DP-1-2 lakini ikiwashwa zote mbili zinakuwa nyeusi. Ni ugonjwa huu huu?

#28 Kokoto

Simbi, hapana. Hiyo DP-1-2 inaonyesha adapta inagawa mkondo mmoja wa DisplayPort kwa monita mbili, utaratibu unaoitwa MST. Monita zote zinagawana zile zile njia mbili, kwa hiyo mbili za 4K hazitoshi. Shusha zote kwenye 1920x1080 uone kama zitawaka pamoja: kila moja hapo inataka gigabiti 3.6 tu. Zikiwaka, panda moja moja. Zisipowaka, fungua uzi wako ulete logi.

#29 Jabali

Ushahidi wangu mpya. Kazini kuna doki iliyokuwa inakata vile vile kama ya Mshale. Nilipitisha `fwupdmgr refresh` kisha `fwupdmgr get-updates`, ikapatikana fimwea mpya ya chipu ya picha ndani ya doki, nikaiweka. Haijakata tena, na kerneli ni ile ile. Mshale jaribu, japo adapta ndogo nyingi hazimo kwenye orodha ya fwupd, hiyo programu ya kuapdeti fimwea.

#30 Zumaridi

Jabali, waya wa HDMI wa doki hiyo ni ule ule wa zamani?

#31 Jabali

Mpya. Ulikuja na monita mpya wiki hiyo hiyo.

#32 Pweza

Na monita pia ni mpya! Basi rudisha waya wa zamani kwenye monita hii mpya, uiache Hz 60, utuletee majibu. Fimwea usiiguse.